Aendaye Polepole Atangulie

Hotuba kwa mkutano wa ukoo, Huntsville, Texas

 

Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya safari ya miguu tuliyoifanya mwezi Machi, sisi watu 14, kando ya vijito vya msitu ulio karibu na hapa. Nitaieleza safari hiyo. Lakini sote twajua kwamba kesho asubuhi mkutano huu utapiga kura juu ya pendekezo la kuugawa umoja wetu kuwa miwili, mmoja wa Dallas na Fort Worth, mwingine wa Houston, kila mmoja na mfuko wake wa misiba. Mimi ni mstaafu na sina cheo chochote katika Kamati. Naomba tu mniruhusu nizungumze juu ya safari na juu ya kura kwa pamoja, kwa sababu huko msituni mambo hayo mawili yalikutana.

Kwanza nieleze mahali penyewe, kwa faida ya ndugu waliotoka Toronto, Leicester na nyumbani Same. Barabara kuu namba 45 ina maili zipatazo 240 kati ya Dallas na Houston, na wengi wetu tumeipita kwa miaka mingi, aghalabu usiku, aghalabu kwa ajili ya msiba. Kusini kidogo ya mji huu imesimama sanamu nyeupe ya Sam Houston, yenye urefu wa futi 67, iliyojengwa 1994. Kila mtoto wa ukoo huu amewahi kuuliza yule mzee ni nani. Ng'ambo ya sanamu hiyo umetanda msitu wa taifa wenye jina la mzee huyo huyo, ekari zipatazo 163,000, katika kaunti za Walker, Montgomery na San Jacinto. Ndani yake hupita njia ya miguu iitwayo Lone Star Hiking Trail. Njia kuu ina maili zipatazo 96, na ukijumlisha matawi na mizunguko yake yafika kama maili 128. Hutajwa kuwa ndefu kuliko zote za waendao kwa miguu tu katika jimbo la Texas. Basi kumbe miaka yote hiyo tuliyokuwa tukikimbizana barabarani baina ya miji yetu, katikati palikuwa na njia iliyotutaka twende taratibu.

Msitu huo si wa kale kama unavyoonekana. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, makampuni ya mbao yaliikata misonobari ya mashariki ya Texas mpaka ardhi ikabaki visiki. Mwaka 1933 Bunge la Texas liliiomba serikali kuu iinunue ardhi hiyo, na 1936 misitu minne ya taifa ikatangazwa katika jimbo hili, huu ukiwa mmojawapo. Vijana wasio na kazi, walioajiriwa na serikali wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, walipanda miti na kuchimba mabwawa. Double Lake, ziwa dogo tulipopiga kambi usiku wa kwanza, ni kazi ya mikono yao ya mwaka 1937. Nawaambieni haya ili mjue kwamba kilichokatwa kinaweza kuota tena, ila chahitaji watu wa kupanda, na wapandaji hawaketi kivulini.

Sasa nije kwenye safari. Tulikuwa saba kutoka Dallas na Fort Worth, saba kutoka Houston. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 9, na mkubwa kuliko wote, shangazi yetu, ana miaka 71. Tulikusudia kutembea siku tatu na kulala mara tatu, kutoka Double Lake kuelekea mashariki mpaka karibu na mji wa Cleveland, maili zaidi ya 20. Kiongozi wetu alikuwa binti yetu muuguzi wa Fort Worth, ambaye ameshaizoea njia hiyo. Kila mtu alibeba hema lake au nusu ya hema, maji, chujio la maji na chakula chake. Mashemeji wawili walibeba makande yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani na kugandishwa, na nataka kumbukumbu za mkutano huu zionyeshe kwamba begi lao lilikuwa zito kuliko mengine yote, na kwamba usiku wa kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata vijana walitangulia. Ndivyo vijana walivyo, wala siwalaumu. Miguu yao inawasha. Kutoka Double Lake hadi eneo la Big Creek ni kiasi cha maili 5, na katika maili hizo tulitawanyika kama mbuzi walioachiwa zizi. Shangazi alibaki nyuma na mjukuu wa miaka 9, akitazama miti mifupi ya jamii ya mnazi iliyojaa kwenye mabonde yenye unyevu. Wenyeji huiita palmetto. Yeye, aliyeolewa Tanga na kuishi huko miaka 30, aliita miaa, akashika jani lake na kumwonyesha mtoto jinsi ya kuchana ukindu na kuanza ukili. Huko mbele, vijana watatu walifika mahali njia inapogawanyika, wakashika mzunguko mdogo wa Big Creek wakidhani ndiyo njia kuu. Tuliokuwa katikati hatukujua walio mbele wako wapi, wala walio nyuma wako wapi. Tulikaa pale kwa muda wa dakika 40 tukiita majina ya watu katika msitu.

Walipopatikana, binti yetu hakumkaripia mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida: kuanzia sasa, aendaye polepole kuliko wote ndiye atakayetangulia. Shangazi akawekwa mbele, mtoto nyuma yake, na wenye nguvu wakawekwa mwisho na kuongezewa mizigo. Vijana walinung'unika. Walisema kwa mwendo huo hatutafika. Lakini tulifika, na tulifika kabla ya jua kuzama, kwa kuwa msafara usiotawanyika hausimami kutafutana. Huo ndio ugunduzi wa kwanza wa safari, nami nitaurudia mbele, maana unahusu fedha.

Katika Big Creek pia tulijifunza sheria ya mahali. Huko kijito hupita chini ya miti mikubwa ya magnolia na ya majani mapana, na hairuhusiwi kupiga kambi, kwa ajili ya kuhifadhi mimea na maji. Tulitamani sana kulala pale, lakini hatukulala. Tulijaza maji, tukayachuja, tukaendelea mpaka tulipoiacha mipaka ya eneo hilo, ndipo tukasimika mahema chini ya misonobari. Msituni hakuna mlinzi aliyekuwa akituona. Tuliitii sheria kwa sababu wanaokuja nyuma yetu nao watataka kukikuta kijito kikiwa safi.

Njiani tuliona misonobari iliyopigwa mistari ya rangi ya kijani kwenye shina. Hiyo ni alama ya makazi ya aina ya kigogota aliyewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1970. Juhudi za uhifadhi zimemsaidia, na 2024 akahamishiwa katika daraja lenye hatari pungufu. Ndege huyu hutoboa nyumba yake katika msonobari ulio hai, kazi inayoweza kumchukua miaka. Kisha hudonoa matundu madogo kulizunguka tundu lake ili utomvu utiririke na kumzuia nyoka asipande. Jambo lililomfurahisha shangazi ni hili: aghalabu watoto wa kiume wa mwaka uliopita hawaondoki haraka. Hubaki na wazazi wao wakisaidia kulisha wadogo zao. Vijana, mimi sikusema neno. Ni ndege huyo aliyesema.

Usiku wa pili ndio uliozaa hotuba hii. Wengi hapa mwaikumbuka mwaka 2023, alipofariki kaka yetu wa Houston na kukawa na haja ya kumsafirisha hadi Same. Yaliyosemwa wakati ule, hasa yaliyoandikwa usiku katika simu, hayafai kurudiwa mbele ya wakwe. Houston walisema Dallas hawakuchanga. Dallas walisema walichanga na hata ahsante hawakuipata. Tangu siku hiyo mpwa wangu anayetunza hazina upande wa Dallas, na shemeji yangu aliyekuwa akiitunza upande wa Houston, hawakuwahi kuketi meza moja. Kule msituni hapakuwa na meza. Palikuwa na sufuria moja iliyoungua, kijito, na zamu ya kuosha vyombo iliyopangwa na binti asiyejua, au aliyejifanya hajui, habari za ugomvi huo.

Mimi nilikuwa karibu nao, nikichuja maji. Nimeishi kwa kutunza majalada, kwanza katika idara ya serikali nyumbani, kisha, baada ya kuhamia huku 1993, katika ofisi ya umma mpaka nilipostaafu. Najua sauti ya watu wanaosoma mafaili mawili tofauti wakidhani ni moja. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na hakuna aliyewahi kuliona la mwenzake. Walipoanza kutajiana tarehe, ilidhihirika kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Dallas walichanga. Lakini mwezi ule ule nyumba mbili za Dallas zilikuwa na wagonjwa hospitalini, fedha ikaja vipande vipande, na kipande cha mwisho kilifika siku tisa baada ya jeneza kuondoka. Katika siku hizo tisa shemeji yangu alikuwa amekwisha kukopa kwa kadi yake mwenyewe, na riba ya mkopo ule aliilipa peke yake kwa mwaka mzima, bila kumwambia mtu. Mpwa wangu hakulijua hilo. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Shemeji yangu alisema tu, "Ungenipigia simu." Mpwa wangu akajibu, "Nawe ungeniambia." Kesho yake walitembea wakifuatana, na mzigo wa shangazi waliubeba kwa zamu. Kwa watu wawili wa ukoo huu, hayo ni mazungumzo marefu.

Ndugu zangu, ndiyo maana naomba pendekezo la kesho lisipite. Mfuko mmoja haukuwa ndio ugonjwa wetu. Ugonjwa ni kwamba tunachanga baada ya kifo. Mtu akifa ndipo tunapoanza kutembea, na kila mmoja anatembea kwa mwendo wake. Wenye nafasi wanatangulia, wenye shida wanabaki nyuma, na walio katikati wanaita majina ya watu usiku. Tukijigawa tutakuwa na misafara miwili midogo inayotawanyika vile vile, na kila mmoja utakuwa na watu wachache zaidi wa kubeba mzigo.

Wazee waliozaliwa milimani wanaikumbuka ndiva. Kwa ajili ya watoto, nieleze. Katika milima ya Upare, kijito aghalabu ni chembamba. Ukikiachia kitiririke mchana kutwa kwenye mfereji, maji yake hunyweka na udongo na mashamba ya mbali hayaonji tone. Kwa hiyo wazee walijenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu inayoweza kufika shamba la chini kabisa. Kisha watu hupeana zamu. Na mfereji ukijaa matope, mbiu ya msaragambo hulia, na kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuuzibua. Hawakuwa na maji mengi kuliko sisi tulivyo na fedha. Walijua tu kuyakinga kabla jua halijachomoza, na walijua kwamba ndiva moja ukiigawa katikati kwa ukuta, maji ya upande wowote hayatakuwa na nguvu ya kufika mbali.

Na kuhusu Dallas na Houston, maji yenyewe yamekataa kugawanyika. Mto Trinity una matawi: tawi la West Fork na la Clear Fork hukutana Fort Worth, kisha Elm Fork hujiunga karibu na Dallas. Kutoka hapo mto hushuka kusini hadi bwawa la Livingston, lililokamilika 1969, na Houston huchota humo sehemu ya maji yake ya kunywa. Wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya maji ya mto huo chini ya Dallas ni maji yaliyokwisha kutumika majumbani huko juu na kusafishwa. Kwa hiyo, ndugu wa Houston, chai mnayotukaribisha imepitia kwanza jikoni kwetu. Big Creek nayo humwaga maji yake katika Trinity. Siku ya pili na ya tatu tulivuka mwinuko usioonekana hata kwa macho, tukaingia katika bonde la mto San Jacinto, ambao maji yake huingia katika ziwa Houston. Usiku wa tatu tulilala karibu na Winters Bayou, kijito cha bonde hilo. Tulianza upande wa maji ya Trinity tukamaliza upande wa maji ya San Jacinto, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole mahali mpaka ulipo.

Tukumbuke pia Agosti 2017, mafuriko ya kimbunga Harvey yalipoikumba Houston. Nyumba tatu za ukoo huu zilihamia Dallas na Fort Worth, watoto wakalala sebuleni kwa wiki kadhaa, wala hakuna aliyeuliza mfuko ni wa nani. Julai 2024, kimbunga Beryl kilipokata umeme wa zaidi ya wateja milioni mbili huko na kandokando yake, wangapi walipigiana simu baina ya miji hii miwili? Wachache. Hiyo ndiyo hasara ya ugomvi wetu, na ni kubwa kuliko riba ya kadi.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne.

Kwanza, umoja ubaki mmoja na mfuko uwe mmoja, lakini uwe na watunza hazina wawili, mmoja wa kila upande, na daftari moja ambalo wote wawili wanaliona kila mwezi.

Pili, tuache kuchanga baada ya msiba. Tuchange kila mwezi, na kiwango kipangwe kwa kuuliza nyumba iliyo dhaifu kuliko zote inaweza kutoa kiasi gani bila kuumia. Kiwango hicho ndicho kiwe cha kila nyumba. Mwenye uwezo zaidi na aongeze kimya kimya, kama vijana waliobeba mizigo nyuma ya shangazi. Aendaye polepole atangulie.

Tatu, riba aliyoilipa shemeji yetu irudishwe kutoka kwenye mfuko kabla ya jambo lingine lolote. Hakunituma niseme hivi, na huenda akanikasirikia.

Nne, matembezi yafanyike kila mwaka mwezi Machi, kabla ya joto na baada ya msimu wa kuwinda kulungu. Katika msimu huo wasafiri huruhusiwa kulala katika kambi maalumu tu, na inafaa kuvaa nguo za rangi ya machungwa ili wawindaji wakuone. Maandalizi yawe kwa zamu: mwaka mmoja Dallas, mwaka mmoja Houston. Wasioweza kutembea wafike Double Lake kwa gari, maana pana maji, vyoo na mahali pa kupikia, watupokee au watuage. Mje na suruali ndefu na soksi za kuvuta juu, kwa sababu ya kupe. Mje na maji ya kutosha na chujio, kwa sababu vijito vingine hukauka. Tazameni mnapokanyaga, maana nyoka wapo. Fuateni vibati vidogo vilivyopigiliwa mitini, na mfikapo njia panda, msubiri.

Mwisho, niseme neno kwa wajukuu. Siku ya tatu, mtoto wetu wa miaka 9 alikuwa ametengeneza ukili wa urefu wa kiganja. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Babu, hii inaisha wapi?" Nikamwambia ukili hauishi, huungwa. Kipande kile amekileta leo, kipo juu ya meza ya vitabu. Kila mmoja wenu akitaka kukiendeleza, shangazi ameketi pale nyuma ya ukumbi, na majani yapo.